Silinda ya Nne

Benzi hii haikununuliwa.
Shamba la mkonge lilipofilisika,
korona zikaota kutu, katani ikakosa bei,
karani alimwita baba dirishani akamwambia:
fedha ya kiinua mgongo haipo, Mzee Semkiwa,
chukua funguo.
Baba alikuwa ameliendesha miaka kumi na tisa.
Siku ile aliketi kiti kilekile,
akatazama kioo cha juu kwa mazoea:
nyuma hakuna mtu.

Sasa ni langu, na linaumwa.
Likisimama kupisha baiskeli pale Barabara ya Nane
linatetemeka kama mwenye homa anayekataa kulala.
Mshale unapanda, unashuka.
Mafuta linayanywa kama halijui bei.
Ukilipeleka Muheza, likikolea mwendo, kimya, limenyooka.
Ugonjwa wake ni kusimama.

Kila mtu ana dawa.
Wa Chumbageni alisema kabureta.
Halina kabureta.
Tanga waja leo warudi leo, lakini gereji ya Kange
gari liliingia Jumatatu likatoka mwezi wa pili,
na pampu mpya, na koili ya gari jingine,
na mtetemeko uleule.
Shemeji akasema: ng'oa, tia injini ya Toyota,
uache kulea maiti.
Nusura.

Mhina wa Ngamiani hakushika spana.
Alisema: liwashe, tunyamaze.
Akangoja lipate moto, akanywa kahawa vikombe viwili,
akaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye chuma,
akafumba macho.
Kisha akavaa soksi kuukuu mkononi, maana umeme wa plagi hauna adabu,
akachomoa waya wa kwanza.
Injini ikayumba, ikalalamika. Akaurudisha.
Wa pili, ikayumba. Wa tatu, vilevile.
Akachomoa wa nne.
Hakuna kilichobadilika.

"Huyu," akasema.
"Ukimtoa na nyumba isijue,
ndiye asiyekula."

Nikamkumbuka kaka yangu Salehe,
aliyeondoka nyumbani Mfungo Sita,
na sisi tukaja kuuliza yuko wapi
siku ya kugawana nyama ya Idi.

Plagi ya nne ilitoka nyeupe, kavu kama mfupa.
Wenzake wana rangi ya biskuti.
"Hewa nyingi, mafuta haba. Kuna mlango uko wazi."
Akavuta petroli kwa bomba la sindano,
akadondosha tone kwenye maungio,
tone,
tone,
na kwenye tone la tano injini ikapandisha sauti yenyewe
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Pete ya mpira. Ndogo kuliko ya ndoa.
Imekauka, imepasuka upande usioonekana.
Shilingi elfu mbili na mia tano.
Alibadili zote sita:
mmoja akifa kwa uzee, dada zake hawako mbali.

Akaniusia huku akifuta mikono kwa kanga iliyochakaa:
oili ibadilishe kabla haijakuomba.
Maji ya kisima cha chumvi usilioshee.
Liwashe kila Ijumaa hata kama huendi kokote,
likae linaunguruma, nawe ukae nalo,
usikie kama kuna anayenyamaza.
Akatua kikombe cha kahawa juu ya injini iwakayo.
Kahawa ikatulia,
ila duara moja jembamba katikati.

Jioni nilimpigia Salehe. Haikupokelewa.
Nitapiga tena.

Barabara ya Nane nikasimama kupisha baiskeli,
mama na ndoo yake, mtoto kwenye kerea.
Hakuna kutetemeka. Hakuna sauti.
Nikadhani limezimika, nikazungusha ufunguo,
likasaga meno kwa hasira mbele za watu:
nipo!