Mabano

Mwaka wa pili, Jumanne, saa mbili asubuhi.
Upepo wa Juni unapenya madirisha ya Iringa,
nusu ya darasa wamejifunika vitenge na makoti ya mitumba.
Nawaambia: leo hatuhesabu.
Nkwabi, mtoto wa takwimu, anafunga kikokotoo chake
kama mtu aliyeambiwa azime jiko na chai haijachemka.

Nabonyeza redio ya kaseti
(ndiyo, kaseti; wanacheka, wacheke)
na chumba kinajaa Kilolo ya miaka ishirini na mbili iliyopita:
kuku, kisu kinachomenya viazi,
na Mama Yusto ananieleza lumbesa:
"Gunia lao lina kilemba, mwanangu.
Bei yao haina hata kofia."

Wanayo mezani maandishi yake,
kurasa tisa nilizopiga taipu mwenyewe.
Fuatilieni, nasema, neno kwa neno.
Msimsahihishe Kiswahili chake.
Akisita, andikeni amesita.
Akicheka, jueni anacheka nini
kabla hamjamwita mchangamfu.

Ukurasa wa nne, Tulinagwe ananyosha mkono.
"Mwalimu, hapa umeandika 'kelele', kwenye mabano.
Kelele gani?"

Narudisha nyuma.
Kisu kinasimama.
Halafu kikohozi, cha mwanamume, kirefu,
kinatoka upande wa ua,
na mama anasema kwa sauti ya chini, si kwangu:
"Ingia ndani, baridi hiyo."
Halafu mimi, kijana, mwenye haraka ya shahada:
"Asante mama. Twende swali la saba."

Kaseti hii nimeifundishia miaka kumi na sita.
Yule mtu sikuwahi kumsikia.

Agosti walikwenda uwandani.
Wengine walirudi na majedwali, nikawasamehe.
Tulinagwe alirudi na udongo mwekundu hadi kwenye soksi
na ukurasa mmoja tu,
ameuandika kama nilivyomfundisha,
kuliko nilivyomfundisha:

"Kamwene.
Mwambie mwalimu wako (kimya, sekunde tisa)
mambo ya viazi ayaache kwanza.
Ile sauti ya baba Yusto akikohoa
(anafunga kitenge upya) bado anayo?
Picha tunayo, imepauka.
Sauti hatukuwa na pa kuiweka."

Nimeusoma ofisini, mlango nimeufunga.
Nikachukua kalamu, nikafuta lile neno,
mabano nikayaacha wazi,
maana sikujua niandike nini humo
ambacho yeye hakijui zaidi yangu.

Nkwabi amenipimia, bila kutumwa:
kikohozi kina sekunde kumi na moja.
Nilisema hatuhesabu.
Hiyo nimeiandika.

Jumamosi napanda Kilolo.
Nimenunua betri nne, mbili zikikataa,
sukari kilo mbili, mkate.
Maswali sina.