Utenzi wa Waya wa Famau

Si habari ya majini,
wala vita vya zamani,
ni ya waya wa nyumbani
nataka kuwaambia.

Famau, binamu yangu,
ana pesa, si za kwangu,
za mabakuli na vyungu
sokoni mwa Kongowea.

Akaleta mkobani
waya mmoja, thamani
elfu tisini, jamani,
mita haijatimia!

Mnene kama mkunga,
hariri wameufunga,
una ncha za kuringa,
dhahabu wamezitia.

"Una mshale pembeni:
huku toka, huku ndani,
sauti iwe njiani
isije ikapotea."

Nikamwambia, "Famau,
waya hauna dharau,
hupitisha, husahau,
haujui kubania."

Mimi ni fundi, Makupa,
kazi sifanyi kwa pupa,
redio ndizo hunipa
unga na cha kutowea.

Akasema, "Una wivu.
Sikio lako ni vivu,
limeziba moshi, jivu
la risasi kuchomea.

Njoo kwangu Alhamisi
usikie kwa nafasi
udi ulivyo mwepesi
na fidla inavyolia."

Kanda ni ya mama yake
akiimba na wenzake
harusini kwa mpwake,
Kuze, mvua yalia.

Nikaenda na Zuhura,
mwanangu mwenye busara
(na kipande cha hasira),
asopenda kuchelea.

Leso akaitundika,
vyombo vikafunikika,
nyuma yake kajiweka,
nyaya mbili kashikia.

Mmoja ni wa tisini,
wa pili wa pasi duni
iliyokoma zamani
kanzu kuniunguzia.

Famau akainama,
macho kayafumba vyema,
na kanda ikatetema,
udi ukatangulia.

"Huu sio!" akasema.
"Huu ni waya wa chuma,
udi unakwenda nyuma
kama mtu kaumia."

Zuhura akabadili,
dakika zikawa mbili.
"Huu ndio wa asili!"
Machozi yakamjia.

"Sikia pumzi yake
kabla ya kuimba kwake,
sikia bangili zake
mkononi zikilia."

Kimya. Leso ikashuka.
Zuhura, bila kucheka,
waya wa pasi kashika:
ndio uliomwimbia.

Nilidhani nimeshinda;
nikaona ni kidonda
nilichokigusa. Kanda
bado yajizungukia.

Maana na mimi, kweli,
nilisikia bangili
mara ya kwanza, na mbali
mbuzi akijililia.

Kumbe kwa miaka yote
hatukai sisi sote
tukanyamaza, tupate
marehemu kusikia.

Alinunua nidhamu
ya kukaa kwa utamu
mbele ya mtu adhimu,
na simu kuizimia.

Na elfu tisini nyingi:
ni mabati, ni misingi,
ni karo ya mwaka, rangi
ya nyumba, na dawa pia.

Ila sitaki dhuluma:
chumvi ya huku huuma,
shaba huoza, na chuma
kutu hukishambulia.

Ncha za dhahabu hapa
Mombasa, si za kutupa;
hizo ningeweza lipa
shilingi mia na mia.

Mengine ni simulizi
ya muuzaji mjuzi
mwenye kufuma kwa uzi
maneno ya kuvutia.

Wa kwake hakurudisha,
na wa pasi kabakisha,
mmoja kuuonyesha,
mmoja kusikizia.

Nami kila Alhamisi
huvuka Nyali upesi,
si waya, ni wasiwasi:
kanda inatuishia.

Ile mvua ya kale
hainyamazi milele,
bati, na vigelegele,
na mama akiingia.