Kwa Anayeniuzia Jua

Saa sita na dakika kumi. Kila siku.
Majani ya mzabibu yanachemka, yamefungiwa mchele tumboni,
simu inalia,
na namba imevaa tarakimu za mji wetu, Fresno,
kama mwizi aliyeazima sare ya mtoto wa jirani.

"Bwana Vakasi?"
Vartkes, nasema. Herufi ni zile zile za juzi.
"Bwana Vakasi, hongera! Paa lako limechaguliwa."

Paa lipi?
Mimi mpangaji, nakaa chini kabisa.
Juu yangu kuna sakafu ya Mai Xiong na wanawe wanne,
juu yao sakafu ya fundi matairi asiyelala,
ndipo lije paa, nalo ni la mwenye nyumba
ambaye hata bomba langu hajalishika tangu Machi.
Paa langu mimi ni vishindo vya watoto.
Lifunikeni hilo kwa vioo vyenu.

Nimejaribu yote.
Binti yangu Arpine aliniandikisha kwenye orodha ya serikali,
orodha ya wasiotaka kupigiwa;
nadhani mnaisoma kama menyu.
Nilijaribu kunyamaza: mashine ikaniuliza kama bado nipo.
Swali hilo, kwa mtu wa miaka themanini na moja,
si la kuulizwa kabla ya chakula.
Nilijaribu filimbi. Nikajiumiza sikio mwenyewe.
Nilisema Vartkes amekufa,
mkaomba kuzungumza na mjane.
Mjane! Siranush alinitangulia, mwaka wa tisa huu.

Mgeni siku mbili.
Wewe ni siku ya arobaini,
na jembe nililiuza pamoja na shamba.

Maana nilikuwa na shamba, kijana. Ekari ishirini.
Jua nalijua.
Miaka arobaini na mitatu nililitandikia karatasi chini,
kati ya mistari ya mizabibu, Agosti ikiisha,
nikamwaga zabibu mbichi, nikasema haya, fanya kazi,
nalo likafanya, bila mkataba, bila riba,
bila kuniuliza jina la benki yangu.
Lilinidai kitu kimoja tu, shingo.
Itazame: imekunjamana kama mali niliyokuwa nikiuza.
Na mwaka ule mvua ilipowahi, Septemba, usiku mmoja,
tani zote zikawa uji,
Siranush alikaa ukingoni mwa shamba, viatu mkononi,
na hakuna aliyepiga simu.

Jana ilikuwa sauti ya msichana.
Alikohoa katikati ya "asilimia thelathini"
nikajua si mashine.
Nikamwuliza: hapo ulipo, kuna dirisha?
Kimya. Nyuma yake sauti mia, zote zikiuza jua.
"Hapana," akasema. "Kuna saa ya ukutani. Na taa ndefu."
Nje kukoje?
"Sijui, babu. Niliingia kabla hakujapambazuka."
Nikamwambia, hapa kwetu nyuzi arobaini na moja,
mbwa wa Mai amejificha chini ya gari,
anga nyeupe kama sahani.
Akashukuru kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyepewa kitu cha kuficha mfukoni.
Kisha akavuta pumzi. "Kwa hiyo, Bwana Vartkes" —
Vartkes, kamili, hakuna herufi iliyodondoka —
"paa lako ni la vigae au la bati?"
Nikakata. Nilikata polepole, lakini nilikata.

Leo, saa sita na dakika kumi,
nimepunguza moto, nimevuta kiti dirishani.
Inalia.
Sauti ya mwanamume. "Bwana Vakasi, hongera!"
Nimeilaza simu kwenye kizingiti cha dirisha, kifudifudi,
pale jua linapopiga,
waongee wenyewe.
Nimekwenda kula.