Vinyweleo

Siku ya kwanza Dakta Mwakisole hakuandika kitu ubaoni.
Alipitisha jiwe, mkono kwa mkono, kutoka benchi la mbele,
kipande cha mwamba kilichokatwa mviringo kama muhogo wa kuchemsha,
akasema: Mafuta hayajalala ziwani.
Futeni hilo ziwa vichwani mwenu.
Yamo humu. Kwenye vinyweleo.

Lilipofika kwangu lilikuwa na joto
la viganja arobaini na moja.
Nikalilamba.
Ngwandu akacheka mpaka akatolewa nje.
Lilikuwa na chumvi, chumvi ya watu.

Mama anauza petroli Tabata,
mwaka wa kumi na tisa sasa, pampu namba tatu.
Bei ikipanda, ni yeye anayepanda ngazi usiku
kubadili tarakimu kwenye bango,
na asubuhi ni yeye anayetukanwa.
Matokeo yangu hayaulizi. Huuliza:
Huko chini ni mbali kiasi gani?
Kilomita nne, mama, wakati mwingine zaidi.
Kama hapa na Ubungo?
Kama hapa na Ubungo, ila wima.
Akanyamaza, kama mtu aliyetajiwa nauli.

Muhula wa tatu bumu lilichelewa wiki sita.
Tulikula chips dume na chai kavu,
tukakesha maktaba na shinikizo, na mnato,
na herufi za Kigiriki zinazofanana na ndoana.
Hyasinta alikamata sapu mbili. Ngwandu alidisko,
akaaga kwa kunigawia kikokotoo chake,
kitufe cha saba kimelegea, ukibonyeza
kinaandika saba mbili.
Bado ninacho. Bado kinanidanganya.

Jumamosi moja nilimkuta kaka Lukelo Kariakoo,
aliyekuwa wa kwanza darasani
mwaka ule redio zote zilipoimba gesi.
Anauza makava ya simu.
Ameyapanga kwa tabaka, ya zamani chini, mapya juu,
kama alivyofundishwa ardhi inavyojipanga.
Nilimuuliza, nikajuta kuuliza.
Gesi ipo, akasema, haijaenda popote.
Imekaa palepale inangoja karatasi.
Akamrudishia mteja chenji.
Na mimi nipo.

Mwaka wa nne nikapewa jiwe langu mwenyewe.
Nililikausha, nikalipima, nikalilowesha, nikalipima tena.
Uwazi: asilimia ishirini na mbili.
Niliruka, nikagonga goti kwenye meza ya maabara.
Kisha nikalisukumia maji upande mmoja
nikasubiri upande wa pili.
Nikasubiri.
Umeme ukakatika, ukarudi.
Tone moja, nalo la kubembelezwa.
Dakta akachungulia, akavua miwani:
Nyumba ya vyumba vingi, binti, lakini haina milango.
Umepata jiwe tajiri lenye choyo.

Nilirudi nyumbani na jibu hilo.
Mama alikuwa ametoka zamu, amenawa kwa sabuni,
kwa ndimu, kwa majivu, kama anavyonawa kila siku,
na kama kila siku petroli haikutoka mikononi.
Siku ya mahafali yangu ya sekondari
nilisimama hatua mbili mbali naye, kwa ajili ya harufu ile.
Picha ipo ukutani. Hatua zile mbili zinaonekana.

Akaniketisha kati ya magoti anisuke.
Vidole vikapita kichwani,
na mimi, mhandisi mtarajiwa, nikaanza hesabu:
miaka kumi na tisa, lita kwa zamu, eneo la viganja viwili,
kiasi gani kimezama kwenye vinyweleo hivi,
kiasi gani kimelipa ada, daftari, nauli,
na mwamba gani duniani
umewahi kutoa hivyo bila kutobolewa.
Hesabu ilinishinda. Sikulaumu kikokotoo.

Sasa wewe, akauliza juu ya utosi wangu,
ndiye utakayeyatoa?
Sijui, mama. Nitajua yalipo.
Kujua yalipo, akasema,
akavuta nywele mpaka machozi yakanilenga.
Tuliza kichwa.