Kuwasha

Siku ya kwanza Fundi Mhina hakunipa glovu.
Alinipa mkasi na bunda la nyuzi za kioo,
nyeupe, laini machoni kama pamba ya mto wa bi harusi.
"Kata," akasema. "Jioni itakufundisha."

Jioni ikanifundisha.
Viwiko, shingo, chini ya ukosi, kwenye mkanda wa sidiria:
afadhali upupu, upupu una mwisho.
Nilijikuna mpaka majogoo ya Makorora yakawika.
Bibi, aliyesimama miaka kumi na tisa kwenye korona
(korona ile mashine ya mkonge, si ule ugonjwa)
hakuuliza kitu. Aliniita uani.
"Usikune. Ukikuna unazishindilia."
Akabandika utepe wa maboksi mkononi mwangu, akabandua,
akabandika, akabandua, akautazama kwenye mwanga.
"Sisi nyuzi zetu zilikuwa kamba za meli. Zenu?"
"Boksi la spika, bibi."
"Boksi," akasema,
kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi wa jirani.

Barabara ya kumi na tano, Ngamiani,
kati ya kinu cha kusaga na mama anayekaanga bajia
akitulaani kwa harufu ya rezini, kila siku, kwa upole.
Pale nilijifunza kuvuta fulana kuukuu juu ya fremu ya mbao
mpaka ikaze isiwe na kunyanzi.
Hapo fundi alinyamaza akaniangalia.
Mimi mtoto wa cherehani.
Kitambaa kina upande unaokubali na upande unaokataa,
na hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Lakini hadna haijui mtoto wa nani.
Matone, alisema, hesabu matone:
siku ya mvua ongeza, mchana wa Februari punguza.
Mimi nikamimina
kama ninayetia chumvi sufuria ya shughuli.
Kopo likapata joto mkononi. Likafuka moshi.
Nilichowahi kupaka kikakauka mbele ya brashi,
kikalia ta!
ufa kutoka mdomo hadi kisigino.
Hakunigombeza. Alisema tu, "Limeiva kabla ya wageni,"
akalibeba kwao Mikanjuni. Nasikia kuku anatagia humo.

La pili lilikuwa la Kilua wa bandarini,
aliyedunduliza mwaka mzima kwa ajili ya buti la gari lake.
Tulilivisha bati la ndani utepe, karatasi ya fedha, nta,
gari lisije likamng'ang'ania mtoto wake.
Tabaka, brashi, toa mapovu. Tabaka.
Kisha msasa, siku nne za msasa,
mpaka jasho langu likawa uji.
"Fumba macho, upapase," alisema fundi.
"Jicho husifia. Kiganja hakina adabu hiyo."
Kiganja kikakuta bonde. Nikajaza. Kikakuta kilima.

Wufa ilipokaa boksi likakohoa.
Linavuja, ila wapi?
Fundi akaleta povu la sabuni, halikusema.
Nikakimbia nyumbani, nikarudi na chetezo cha bibi,
kaa moja, ubani kidogo.
Nikakiweka ndani, nikaziba tundu kubwa kwa sinia.
Tukangoja, wanaume watatu na mimi,
kama tunaomfukizia mzazi nguo.
Kona ya kushoto, moshi mwembamba,
wembamba wa sindano namba tisa.
"Hilo," fundi akasema, "hakunifundisha mtu."
Mama wa bajia akauliza kuna arusi ya nani.

Ijumaa Kilua akawasha.
Gari, kisha redio.
Bati la kinu likaitikia, mafuta yakatetemeka kwenye karai,
watoto wakaja wakishika vifua vyao.
Mpaka leo sijui ulikuwa wimbo gani.
Kiganja changu kilikuwa juu ya boksi,
kinatafuta mtetemo usio wake,
na hakikuupata.
Nikakiacha pale hata hivyo, zaidi ya ilivyohitajika.
Chini ya ukosi, mahali ambapo utepe wa bibi haukufika,
uzi mmoja ulikuwa bado unawasha.