Kadi ya Jua

Jua likishazama, Sechelela hupanda ngazi tatu za kituo
kuitoa kadi nyuma ya tufe la kioo.
Tufe halina waya wala saa. Jua likipenya ndani yake
huchoma mstari kwenye karatasi,
na mstari huo ndio siku.

Leo mstari umefifia.
Toka saa tatu hadi saa tisa ni rangi ya chai,
haukutoboa popote.
Wingu halikuwepo, kaangalia daftari mara mbili.
Palikuwa na utando tu, wa kijivu, toka upande wa Kizota,
ambako malori hungurumia papo hapo
na jenereta la kiwanda cha alizeti
linakohoa tangu umeme ukatike juzi.

Kaka yake Masinjisa, dereva wa tenki la dizeli,
kacheka kwenye simu:
"Kumbe moshi wetu mwavuli! Nidaini shukrani basi,
nimewapoza toka Kibaigwa hadi Manyoni."

Hakosei. Hapo ndipo panapomuuma.
Mafuta yale yale, bomba lile lile,
hutoa wageni wawili.
Mmoja ni chembe za kiberiti: hutandika mkeka angani,
hulirudisha jua lilikotoka.
Huyu kweli ni mgeni siku mbili.
Mvua ikimgusa, anashuka nayo;
ukienda kumchukulia jembe, utakuta keshaondoka.
Wa pili haonekani, hanuki, hana haraka.
Huivuta blanketi juu ya nchi nzima,
hulala, huamka, huwazika wajukuu wa mwenyeji,
na jembe hashiki.

Usiku mvua ya kwanza ikapiga mabati ya Makole.
Asubuhi kilima cha Mlimwa kikasogea karibu,
ungeweza kuyahesabu mawe yake.
Hewa imeoshwa, watu wakasema, wakaanua pumzi.

Kadi ya Alhamisi ilitobolewa mwanzo mwisho.
Kipimajoto: thelathini na nne, nukta mbili.
Sechelela akaiinua kadi dirishani,
mwanga ukapita kwenye ule ufa mwembamba
ukamkata kiganja.
Joto hili halikuja leo.
Tulifunika kombe;
mwanaharamu hakupita.

Masinjisa kapiga tena, yuko Singida,
anauliza kama mvua imeleta baridi.
Kanyamaza kidogo, kalamu mkononi.
"Ukirudi," akamwambia, "uje na kofia."