Herufi ya Tisa

Cha mvunguni nilikiinamia:
sanduku la viatu, na humo diski thelathini na mbili,
nyeusi, laini, pana kama kiganja cha baba,
kila moja na bahasha yake, na mwandiko wa penseli:
Maziwa, Januari. Maziwa, Februari. Maziwa.

Baba alipima mafuta ya maziwa
katika kiwanda cha jibini hapa Smolyan
hadi kiwanda kilipofungwa, akarudi na kompyuta
badala ya mshahara wa miezi mitano.
Mama alimwuliza: tutaila na chumvi?

Leo Pravets ile iko jikoni, juu ya meza ya kukandia unga,
inanguruma kama paka mzee aliyekalia mkia wake.
Mdomo mmoja tu. Tumbo dogo.
Haiwezi kubeba diski nzima kwa safari moja,
basi kioo cha kijani kinaniamuru:
Weka diski ya zamani. Naweka.
Weka diski mpya. Naweka.
Zamani. Mpya. Zamani. Mpya.
Ni kuhamisha kisima kwa kijiko,
na kisima chenyewe kinakauka.

Novemba. Nje ukungu umeifunika misonobari,
ndani ukungu umeota juu ya diski ya kumi na saba,
madoa meupe, yamesambaa mpaka katikati.
Mashine ikakwaruza, ikasita:
Haisomeki. Nirudie? Niache? Nipuuze?
Nilibonyeza R mara kumi na nne.
Swali hilo hilo daktari aliniuliza kuhusu baba,
ila yeye alitumia maneno marefu zaidi.

Hristofor wa ghorofa ya chini,
aliyekuwa fundi wa mashine za kuhesabia pesa,
alipanda na pamba na chupa ya rakia ya plamu.
"Spiriti imeniishia," alisema. "Hii ina nguvu zaidi."
Akasafisha kichwa cha mashine, kisha chake.
"Jaribu sasa. Usiihimize, ina aibu."

Ikasoma.
Majina yakashuka kiooni,
kila jina herufi nane, haizidi hata moja,
ndiyo sheria ya mashine za wakati ule:
MAZIWA01, MAZIWA02, SIAGI.
Kisha, peke yake: RADOSTIN.

Mkono wangu ukabaki hewani.
Radostin ni jina la mwanamume.
Mama, mlangoni, taulo begani, alilisoma kwa sauti,
akaketi ukingoni mwa kiti, nusu yake nje.
Miaka ile baba alilala Plovdiv mara mbili kwa mwezi;
mambo ya maabara, alisema.
Hristofor akaisoma lebo ya chupa, ambayo haikuwa na lebo.

Nilifungua kwa kidole kimoja.

Safu mbili, tarehe na kipimo, kimaabara:
Machi 3, kilo tisa na robo.
Machi 20, jino, chini kushoto.
Mei 11, joto 39.4. Saa saba usiku, 38.9. Alfajiri, 37.
Mei 12, hakuna. Amelala.
Oktoba 2, amesema "mwezi" akionyesha jibini.

Ni mimi.
Radostina, herufi tisa.
Mashine ilimeza ya mwisho, ile a
ambayo kwetu ndiyo inayomfanya mtu binti,
na baba, mtu wa vipimo, aliiacha ipotee
akijua ni nani anayempima.
Uso kwa uso hakuwahi kuniambia
zaidi ya: funga mlango, baridi inaingia.

Mama alicheka, akalia,
akamtukana marehemu kwa jina lake kamili,
la kwake, la babake, la ukoo,
hakukata hata herufi.
Kisha akavuta kiti karibu, akafuta mikono kwa taulo.

Weka diski mpya, kikasema kioo.
"Toa mkono," akasema mama, "naweka mimi."
Zimebaki kumi na tano.